Ukuta wa Mama Julie

Keshero, Goma, Jumamosi tarehe 12 Februari 2022

Kaka yangu Mulumeoderhwa,

Nakusalimia wewe, shemeji Bénita na watoto, pamoja na étage yenu, ile ghorofa isiyokwisha ambayo fito zake za chuma bado zinangoja juu ya paa. Sisi hapa Keshero tuko wazima. Mume wangu Ruffin anakohoa vumbi la barabara kama kawaida yake, na binti yetu Joyeuse amefaulu masomo yote isipokuwa hesabu, ambayo anasema haikufaulu kwa mtu yeyote darasani mwao. Mama naye ni mzima huko Kashengo. Nilimtembelea Jumapili iliyopita, akanipa mifuko miwili ya sambaza kavu, vile visamaki vya ziwa letu. Mmoja ni wako. Nimempa mama Niyonsenga, yule mwenye biashara ya maharagwe kwenye boti ya Bukavu, akuletee pamoja na barua hii. Alishangaa kwamba bado kuna watu wanaoandika.

Ninaandika kwa sababu siku ya kilio cha Papa ulituambia maneno, na niliyaweka katika daftari langu tarehe ileile: "Mambo ya ardhi hayasemwi kwenye simu. Simu ni upepo. Karatasi ndiyo ushahidi." Basi hii hapa karatasi.

Tangu volkeno ya mwaka jana, watu wa mjini wameanza kuupa mlima mgongo. Wote wanataka kukaa upande wa ziwa, mbali na lava, na kila kipande cha ufuko kuanzia hapa kwetu mpaka Sake kimekuwa dhahabu. Hata Kashengo, ambayo wewe uliiita mwisho wa dunia, siku hizi ni nusu saa tu kwa pikipiki kutoka kwangu, na makomisioneri wanafika kila juma. Nasema makomisioneri, wale watu wanaotafutia wengine nyumba za kununua, hata zile ambazo wenyewe hawajaamka asubuhi na wazo la kuziuza. Kwa Mama wamekuja tarehe 4, 11, 19 na 30 Januari. Mwenye kichwa kigumu kuliko wote anaitwa Constant, mwenye viatu vilivyochongoka kama mtumbwi. Alimwambia Mama kwamba nyumba yake ina "vue", yaani inaona ziwa vizuri. Mama akamuuliza kama inatibika.

Usicheke. Huyo Constant ameshauza kiwanja kilicho nyuma ya kanisa, pale kwenye mazuku, ile hewa mbaya ya ardhini iliyoua mbuzi wawili wa katekista. Kwa mnunuzi alisema: "Hapa kuko utulivu, patron. Hata imbwa habweki." Ni kweli kwamba habweki.

Mama anasema hatoki pale. Anasema nyumba aliijenga Papa kwa mshahara wa kutengeneza mashine za boti, na Papa mwenyewe amelala nyuma ya jikoni, naye ana nafasi yake pembeni. Lakini ana miaka sabini na sita na yuko peke yake mbele ya watu wenye maneno matamu. Wewe ndiwe mkubwa wetu. Tufanye nini?

Mdogo wako,
Dorine


Bukavu, 1 Machi 2022
Barua Na. 1/2022

Mdogo wangu Dorine,

Nimepokea barua yako na nimeiweka kwenye faili. Tuko wazima, isipokuwa goti langu la kulia ambalo linajua mvua kabla ya redio. Bénita anakushukuru kwa sambaza. Watoto wamekua.

Umsalimie Mama mara tatu: mara moja kwa ajili yangu, mara moja kwa ajili ya Bénita, na mara ya tatu kwa ajili ya zile sambaza. Mwambie mtoto wake wa kwanza hapitishi asubuhi bila kulitaja jina lake katika sala. Mwambie asilale na dirisha wazi, upepo wa ziwa si mzuri kwa kifua. Mwambie vilevile kwamba kile kitambaa cha kichwa alichovaa Krismasi nakiona machoni mpaka leo.

Sasa jambo lenyewe. Nyumba ya Papa haiuzwi. Narudia kwa maandishi ili wajukuu waje wasome: haiuzwi. Mimi nilikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja, nimeona familia zikivunjika kwa sababu ya mihuri. Anayeuza mahali baba yake alipolala atalala wapi yeye?

Fanya kama watu wote wenye akili. Tafuta mchoraji, aandike ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi ziwe za urefu wa mkono, upande wa barabara na upande wa ziwa pia, kwa maana wezi wa ardhi wanakuja hata kwa mtumbwi.

Jambo la pili, dogo. Ile karatasi ya parseli, ya kiwanja chetu, iliyo katika sanduku la Mama, unitumie. Ninyi huko mna volkeno, na karatasi haikimbii. Hapa Bukavu itakuwa salama katika faili.

Kaka yako,
Mulumeoderhwa


Keshero, Jumamosi 26 Machi 2022

Kaka yangu,

Pole na goti. Sisi tuko wazima. Ruffin amepunguza kukohoa tangu barabara ipate mvua, sasa analalamikia matope. Mama alipokea salamu zako tatu nilipomsomea barua. Ile ya kitambaa akaomba niirudie, kwa hiyo ukipenda kuhesabu ni nne. Kisha akafunga dirisha, akalifungua tena nilipotoka nje; nilimwona.

Tumeandika ukutani tarehe 9 Machi. Mchoraji ni Nizeyimana, yule anayechora vichwa vya watu kwenye saluni za Katindo. Alifanya kazi safi. Alipomaliza akauliza namba ya simu ya kuandika chini yake. Nikamwambia hakuna namba, kwa sababu haiuzwi. Akasema kila ukuta anaouandika unakuwa na namba, na kazi bila namba haionekani kama imekwisha. Tulibishana mpaka Mama akamwambia aandike namba ya zaburi, ndipo akaacha.

Kaka, dawa hii sijui kama uliwahi kuijaribu mwenyewe. Kabla ya kuandika, komisioneri alikuja mara moja kwa juma. Baada ya kuandika, nimehesabu katika daftari ziara kumi na moja kwa siku kumi na nne. Nilimuuliza Constant kama hajui kusoma. Akanijibu kwa upole kabisa, kama mwalimu:

"Mama, ukuta yenye haina maneno, mule ndani watu wanapatana. Ukuta yenye inasema haiuzwi, mule kuko ndugu mumoja mwenye anapenda kuuza. Sisi tunatafuta tu ule ndugu."

Nikamwambia kwetu huyo ndugu hayupo. Akasema sawa, akaangalia ziwa.

Na sasa ufuko wote umeambukizwa. Muzee Sikuli, jirani yake Mama, ana kibanda ambacho kwa miaka ishirini hata mvua iliona haya kukiingia. Aliandika HAIUZWI kwa mkaa, na siku ya tatu akapata mgeni mwenye gari. Kesho yake akaandika kwenye zizi la mbuzi. Katekista ameandika kwenye jiko la kanisa, anasema ni kwa tahadhari. Kuna kijana aliyeandika kwenye mtumbwi. Nizeyimana amehamia Kashengo na ngazi yake, na bei ya rangi nyekundu imepanda sokoni. Nyumba moja tu haina maneno, ya mjane Nyiransengimana, ambaye kweli anataka kuuza ili amfuate binti yake Kigali. Hakuna anayesimama hata kumsalimia.

Kuhusu karatasi, nakutumia fotokopi. Ile yenyewe Mama ameikalia, na nasema hivyo kwa maana ya kweli, sanduku ndilo kiti chake.

Mdogo wako,
Dorine


Bukavu, 9 Mei 2022
Barua Na. 2/2022

Mdogo wangu Dorine,

Fotokopi imefika na iko kwenye faili. Samahani kwa kuchelewa, goti halikuniruhusu hata kufika posta, wala sijatoka Bukavu tangu mwaka uanze. Msalimie Ruffin, Joyeuse na majirani.

Habari za ukuta zimenifurahisha. Inaonyesha kwamba watu wanaheshimu maandishi.

Nina maswali machache, ni kwa ajili ya historia ya familia ambayo nimeanza kuiandika. Ufuko wa parseli yetu una mita ngapi kutoka mparachichi wa Papa mpaka kwenye jiwe kubwa? Barabara ya gari inafika mlangoni au inaishia kwa katekista? Je, umeme umekaribia? Historia isiyo na vipimo ni hadithi tu.

Kaka yako,
Mulumeoderhwa


Keshero, Jumapili 22 Mei 2022

Kaka yangu,

Salamu kwako, kwa Bénita na watoto. Hapa hatujambo. Joyeuse ameanza kupenda hesabu kwa sababu mwalimu mpya ni kijana. Mama ni mzima.

Nimesoma barua yako Na. 2 nikidhani kuna ukurasa umebaki katika bahasha. Nikatikisa bahasha. Mama alikuwa amekaa kwenye sanduku, mikono magotini, anangoja salamu zake, maana huwa zinakuja mwanzoni. Nilifika mwisho bila kuzikuta. Nikatunga moja, nikasema, "Na Mama umsalimie sana." Akaniambia, "Hiyo ni sauti yako. Mulume hasalimii mara moja." Nimeandika jambo hili katika daftari chini ya tarehe 15 Mei. Nadhani ni haraka.

Kuna jambo jingine la tarehe. Mama Niyonsenga anasema tarehe 3 Mei alikuwa kwenye boti ya asubuhi kutoka Bukavu, na alikuona umekaa upande wa dirisha na kofia mpya. Alikuja kukuuliza kama una barua yangu. Ukamwambia kwamba wewe si wewe. Alipokuona tena bandarini Goma ulikuwa unapanda pikipiki ya kwenda Himbi, na anasema uliruka matope kwa goti la kulia. Nilimjibu kwamba watu wanafanana. Akasema wanafanana, ndiyo, lakini hawafanani hadi kovu la paji la uso.

Mita za ufuko sikuzipima. Kuna mtu mwingine aliyekuja kuzipima tarehe 5 Mei, Mama akiwa sokoni. Muzee Sikuli alimuuliza anapimia nani, akasema anapimia familia. Kwa hiyo muulize yeye.

Dorine


Bukavu, 30 Juni 2022
Barua Na. 3/2022

Mdogo wangu Dorine,

Leo ni sikukuu ya Uhuru na nimekaa nyumbani kujibu tuhuma. Inaumiza. Kwamba mama wa maharagwe, ambaye tangu asubuhi anahesabu magunia kwenye jua, ameona kofia, basi mimi niwe mwongo? Katika Bukavu hii kuna wanaume wengi wenye kovu.

Uliandika kwamba nimesahau salamu. Basi naziandika. Msalimie Ruffin na kikohozi chake. Msalimie Joyeuse. Msalimie Muzee Sikuli na mbuzi wake, msalimie katekista, msalimie mjane Nyiransengimana ambaye namwonea huruma, na yule mchoraji, na wote wa Kashengo kuanzia kanisani mpaka kwenye jiwe kubwa. Nadhani hapo hakuna aliyebaki nje.

Kuhusu nyumba, msimamo wangu uko kwenye faili: haiuzwi. Lakini mtu mwenye elimu lazima atofautishe. Kuuza ni kitu kimoja. Kuvaloriza ni kitu kingine. Kuuza, mtu anatoa nyumba na kupokea pesa. Kuvaloriza, familia inaipa mali yake nafasi ya kuzaa, kupitia mtu mwenye uwezo, ambaye kwa upande wake anatoa mchango. Ni maneno mawili tofauti hata katika kamusi. Ukisikia watu wasioelewa wakisema kuuza, wasahihishe.

Kaka yako,
Mulumeoderhwa


Keshero, Jumapili 24 Julai 2022

Kaka yangu Mulumeoderhwa,

Nakusalimia. Ruffin, Joyeuse na mimi tuko wazima. Mama ni mzima, na leo nitaliandika neno hilo kwa herufi kubwa, kwa sababu utaona inahitajika: Mama ni MZIMA.

Salamu zako za tarehe 30 Juni nilizisoma zote. Mbuzi wa Muzee Sikuli alisalimiwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mbuzi amejibu.

Sasa nakuandikia yaliyotokea Jumapili iliyopita, tarehe 17 Julai, kama nilivyoyaweka katika daftari jioni ileile. Nilikuwa Kashengo. Tulirudi mapema kwa sababu padri alikuwa na misa nyingine Sake. Tukakuta gari mlangoni. Ndani ya ua alikuwamo Constant, na bwana mmoja mnene, mpole, anayeitwa Modeste, wa shirika moja lenye ofisi Himbi. Constant alikuwa anamwonyesha mahali ambapo barza, ile baraza ya mbao, ingeingia majini. Barza hiyo, Kaka, inaanzia nyuma ya jikoni. Unajua nyuma ya jikoni kuna nani.

Constant alipomwona Mama rangi ilimwisha. Kisha akafanya haraka, akamwambia bwana Modeste kwamba huyu bibi ndiye mlinzi wa nyumba. Bwana Modeste akavua kofia. Akamshika Mama mikono miwili, akasema: "Pole sana, mama. Nimesikia bibi mwenye nyumba ametutoka. Mungu amulaze mahali pazuri."

Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu. Akawakaribisha kwenye kivuli, akanituma nilete chai na sambaza za moto, akakaa kwenye sanduku lake. Akajipokelea pole zake kwa utaratibu kabisa, kichwa kimeinama. Kisha akamuuliza mgeni marehemu alikuwa mtu wa namna gani, kwa maana yeye mlinzi alimjua kwa upande wa kazi tu.

Bwana Modeste akamwangalia Constant. Constant akaangalia ziwa, lakini safari hii ziwa halikumsaidia.

"Alikuwa mama mwenye busara," Constant akasema. "Hakupenda maneno mingi."

"Kweli, alikuwa vile," Mama akasema. "Endelea."

"Aliheshimu wageni."

"Hata wenye kuja bila kualikwa. Na watoto wake, wanamulilia?"

"Mutoto mukubwa," Constant akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekalia mwiba, "mutoto mukubwa analia mpaka leo."

Mama akasema, "Masikini Mulume," akamwongezea sambaza.

Bwana Modeste, kwa kutaka tujue kwamba yeye si mwizi, akatoa bahasha. Alisema mambo yake yote yako sawa, ametoa avansi, malipo ya mwanzo, kwa mrithi mwenyewe, ana kwa ana, Himbi, tarehe 3 Mei, na mrithi ni mtu wa heshima, karani wa zamani, mwenye kupenda karatasi. Nikaomba kuona. Ilikuwa cheti cha urithi chenye mihuri mitatu, sijui cha ofisi gani, muhuri mmoja umekaa juu ya mwingine. Nikasoma kwa sauti. Kilisema kwamba baba yetu alifariki mwaka 2009, na kwamba mjane wake, Julie M'Baharanyi, alifariki Kashengo tarehe 17 Aprili 2022, akiacha mtoto mmoja.

Mtoto mmoja, Kaka. Kwa hiyo mimi nimeandika barua hizi zote bila kuzaliwa. Hilo nitakudai siku nyingine.

Nilifungua daftari pale pale, ninalo mkobani siku zote. Tarehe 17 Aprili niliandika hivi: "Pasaka. Mama amevaa kitenge cha bluu. Ameimba sauti ya pili, amewashinda wanakwaya. Amekula wali mara mbili. Amemcheka katekista aliyesinzia." Wewe, mtu wa tarehe, ulikuwa na siku mia tatu na sitini na tano za kuchagua, ukamuua Mama siku ya Pasaka. Hata kalenda hukuangalia.

Bwana Modeste aliuliza huyu Julie M'Baharanyi ni nani kwetu. Mama akasema, "Ni mimi. Ongeza chai."

Bwana Modeste akaweka kikombe chini. Namshukuru kwamba hakupiga kelele. Aliomba msamaha kwa Mama, kwa pole alizotoa, akajaribu kuzirudisha lakini hakujua zinarudishwaje. Kisha, kwa heshima kubwa, akauliza Mama ana miaka mingapi, na kama kifua chake kiko vizuri. Mnunuzi ni mnunuzi. Nilimuuliza kwani hakuona maneno ukutani. Akasema aliyaona, na Constant alimwelezea kwamba HAIUZWI ni alama ya nyumba za bei ya juu.

Kaka, sasa nimeelewa salamu zako. Nilidhani ni haraka, kisha nilidhani ni aibu. Lakini wewe ni yule yule wa siku ya kilio: karatasi ndiyo ushahidi. Ulipoandika mahali pamoja kwamba amekufa, hukuweza kuandika mahali pengine "nisalimie Mama", kwa maana barua yako mwenyewe, yenye namba na sahihi, ingekushitaki. Ulimsalimia mbuzi.

Ruffin anataka tuende kwa polisi. Katekista anataka tuitishe kikao cha familia, nadhani kwa sababu ya chakula. Mama amekataa vyote viwili. Bwana Modeste amesema kwamba siku mtoto mkubwa atakapokiri kwa mkono wake kuwa mama yake yuko hai, yeye ataacha nyumba na kudai avansi yake kwako, si kwetu. Mpaka siku hiyo cheti kinabaki cheti, na Constant anazunguka na nakala yake. Mama alifikiri kidogo, akasema hivi, nami naandika neno kwa neno:

"Mwenye aliniua kwa karatasi, anifufue kwa karatasi."

Hataki kuelezewa kitu. Anataka barua yenye salamu.

Dorine

Tena: jana Nizeyimana ameongeza mstari ukutani chini ya ule wa kwanza. Mama alichagua maneno mwenyewe. Sasa inasomeka: NYUMBA HII HAIUZWI. MWENYEWE YUKO HAI. Safari hii hakuuliza namba ya simu.


Keshero, Jumapili 4 Septemba 2022

Kaka yangu,

Salamu. Majuma sita yamepita. Boti ya Bukavu imefika mara nyingi, na kila mara Mama anamtuma mtu kwa mama Niyonsenga kuuliza kama kuna bahasha. Mama Niyonsenga anasema anaanza kuona aibu kushuka na maharagwe matupu.

Ufuko wote sasa umeandikwa MWENYEWE YUKO HAI. Muzee Sikuli ameiandika kwenye kibanda na kwenye zizi la mbuzi, ambako ni kweli pia. Constant analia kwamba biashara imekufa. Anasema watu wa mjini wanaogopa kuingia mahali ambapo kila ukuta unajitangazia uhai, wanajiuliza kuna nini. Mgeni mmoja tu alikuja mwezi mzima. Alipita nyumba zote zenye maneno, akasimama kwa mjane Nyiransengimana, akanunua siku ileile. Mjane anahamia Kigali mwezi ujao. Ameacha ukuta wake mweupe.

Constant alikuja kwa Mama bila viatu vyake vyenye ncha, na ndizi mkononi. Alimwomba asikudai ile barua. Alisema: "Mama, karatasi moja ya salamu itatuua wote." Mama akamjibu kwamba kufa si kugumu, yeye alikufa Aprili na bado anachota maji.

Lakini usiku ule, Kaka, hakula. Alikaa kwenye sanduku akaniuliza kama nafikiri ulipokuwa unaandika ile tarehe mkono wako ulitetemeka. Nilimwambia sikuwapo. Mimi huandika yale tu niliyoyaona.

Dorine


Bukavu, 2 Oktoba 2022
Barua Na. 4/2022

Mdogo wangu Dorine, mtoto wa pili wa Papa na Mama,

Nisalimie Mama.

Msalimie asubuhi kabla hajachota maji, na umsalimie tena anaporudi. Msalimie kwa jina lake kamili, Julie M'Baharanyi, wa Kashengo, mwenye nyumba. Msalimie kwa ajili ya sambaza za Februari ambazo sikumshukuru kwa mdomo wangu. Msalimie kwa ajili ya Pasaka, na kitenge cha bluu, na ile sauti ya pili ambayo naijua tangu nikiwa mgongoni mwake. Zile salamu za Mei na za Juni hazikupotea njiani, zilibaki hapa. Naziweka humu pamoja na hizi, azihesabu.

Zile fito za chuma juu ya paa tumezikata. Mtu alizinunua. Bénita anasema nyumba imekuwa fupi lakini inapumua. Bwana Modeste amepata kilicho chake, na amenipa risiti, ambayo sikuiweka kwenye faili. Faili nimelifunga.

Goti langu ni zima. Lilikuwa zima tangu mwanzo. Naomba liandikwe.

Mwambie Mama mkono ulitetemeka.

Barua hii haina jambo lingine. Mwenye kuihitaji kwa ushahidi aitumie: nimeiandika mwenyewe, nikiwa na akili timamu, nimeweka tarehe na nimetia sahihi.

Nisalimie Mama.

Mulumeoderhwa,
mtoto wake